Shule Zikifungwa kwa Maradhi: Kufundisha na Kujifunza Ufinyanzi Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya udongo. Huenda utajiuliza, muuguzi na udongo wapi na wapi? Tega sikio. Udongo unaweza kumtuliza mtoto, ukamfundisha kazi na hesabu. Udongo huo huo unaweza kumletea minyoo, kumchoma au kumziba kifua. Tofauti ni jinsi mama anavyousimamia.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA JAMBO HILI

Sote tunakumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote. Watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Kisha tarehe 26 Machi 2021 kaunti yetu ya Nakuru, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, zilifungiwa mipaka, na hali hiyo ikaendelea hadi tarehe 1 Mei.

Miezi hiyo yote watoto walikuwa nyumbani. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio na televisheni. Shule nyingine zilituma kazi kwa simu. Hesabu na kusoma vilipata nafasi, lakini masomo ya mikono yaliachwa nyuma. Mtoto angewezaje kujifunza kufinyanga bila mwalimu wa kumshika mkono? Na mama ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, angefanya nini?

Dharura ya korona duniani ilitangazwa kwisha mwezi Mei 2023, lakini maradhi ya mlipuko hayajaisha. Mwezi Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpoksi. Kipindupindu na surua hurudi mara kwa mara. Siku nyingine tunaweza kuambiwa tena, "Kaeni nyumbani." Heri tujiandae mapema. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

UFINYANZI NI WETU

Kazi hii si ngeni hapa kwetu. Pale Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, Mary Leakey alichimba mwaka 1937, na mabaki ya wakazi wa kale, vikiwamo vigae vya vyungu, yakapatikana. Waogiek wa Mau nao wameandikwa na watafiti kuwa wafinyanzi wa vyungu vyao wenyewe. Vyungu hivyo havikufundishwa darasani. Mtoto aliketi karibu na mama au nyanya yake, akatazama, akajaribu, akabomoa, akaanza tena. Kwa hiyo tunapofundisha ufinyanzi nyumbani, tunaurudisha mahali ulipoanzia.

UDONGO UNAMFAIDI VIPI MTOTO?

Kwanza, vidole hupata nguvu. Mtoto anayebonyeza na kuviringisha udongo anaandaa vidole vyake kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Mtoto mwenye ulemavu wa mikono pia anaweza kufaidika, mradi asilazimishwe.

Pili, moyo hutulia. Mtoto aliyefungiwa ndani hukasirika, hulia ovyo, hukojoa kitandani au hunyamaza kupita kiasi. Akipewa kazi ya mikono, mara nyingi huanza kuzungumza. Keti naye, fanya kazi, msikilize. Usimhoji kama askari. Utasikia mengi.

Tatu, mama naye hupumua. Siku ngumu za maradhi humchosha mlezi. Nusu saa ya kuketi na mtoto bila kugombana ni dawa kwenu nyote wawili.

KUPATA UDONGO

Udongo mwingi wa Nakuru umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, una vumbi na mawe madogo, na haushikani. Udongo wa mfinyanzi hupatikana zaidi mabondeni na kandokando ya mito, mara nyingi chini ya tabaka la juu.

Upime hivi. Chukua kidogo, ulowanishe, uviringishe uwe kama kijiti chenye unene wa kidole kidogo cha mkono. Kizungushe kwenye kidole chako gumba. Kikipinda bila kukatika, udongo unafaa. Kikipasukapasuka, una mchanga mwingi. Ukinata mikononi kama gundi, una maji mengi. Uache ukauke kidogo, ujaribu tena.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa kuna hatari.

Usichukue udongo karibu na choo, jaa la taka, zizi au mfereji wa maji machafu. Mayai ya minyoo hukaa udongoni kwa miezi mingi.

Usichukue udongo karibu na gereji, mahali pa kuchomelea vyuma au pa kufungulia betri za gari. Udongo huo unaweza kuwa na risasi, yaani madini ya ledi. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto haonyeshi dalili mapema. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi wengi, wakiwamo watoto, waliathirika kwa ledi iliyotoka mahali pa kuyeyushia betri kuukuu.

Usimtume mtoto kuchimba. Kuta za mashimo huporomoka, hasa baada ya mvua. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji na mtoto anaweza kuzama humo. Mtu mzima achimbe, kisha alifukie shimo siku hiyo hiyo.

KUTAYARISHA UDONGO

Toa mawe, mizizi na vipande vya chupa. Weka udongo ndani ya ndoo kuukuu, mimina maji hadi yaufunike, uache siku mbili au tatu. Funika ndoo ili mbu wasizaliane humo na mtoto mdogo asitumbukie. Kisha koroga, uchuje kwa kipande cha shuka kuukuu au chekecheo ambalo hutalitumia tena jikoni. Acha utuame, mwaga maji ya juu, halafu utandaze juu ya gunia mpaka uache kunata mikononi. Ukande kama unavyokanda unga wa chapati, hadi viputo vya hewa viishe.

Tafadhali usitwange udongo mkavu, na usiufagie ukiwa mkavu. Vumbi la udongo wa mfinyanzi lina chembechembe za silika. Wafinyanzi na wachimba mawe wanaovuta vumbi hilo kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu usiopona. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua siku hiyo hiyo. Fanyeni kazi nje, penye hewa na kivuli, na mkimaliza pangusa kwa kitambaa chenye maji.

SOMO LENYEWE, HATA KWA SIMU AU REDIO

Mwalimu asiyeonekana hufundisha kwa vipimo vya mwili na vya jikoni. Usimwambie mtoto "fanya hivi," kwa sababu hakuoni. Mwambie "unene wa kidole chako," "ukubwa wa chungwa," "laini kama uji." Mwalimu anaweza kueleza hivyo kwa simu ya kawaida, hata shosho aliye mbali anaweza. Hebu tujaribu.

Siku ya kwanza: bakuli. Chukua donge la ukubwa wa chungwa. Liviringishe mpaka liwe mviringo. Lishike kwa mkono mmoja, uzamishe kidole gumba katikati, lakini usitoboe chini. Acha unene wa kidole kimoja. Sasa bana ukuta kwa gumba ndani na vidole viwili nje. Bana, geuza kidogo, bana, geuza kidogo. Ukuta ukifikia unene wa kidole kidogo, simama. Ukipasuka, paka maji kidogo kwa ncha ya kidole. Maji mengi hulegeza bakuli likaanguka.

Siku ya pili: chungu cha nyoka. Tandaza udongo uwe kama chapati ndogo nene. Hicho ni kitako. Viringisha nyoka warefu, unene wa kidole. Kwaruza ukingo wa kitako kwa kijiti, paka udongo laini kama uji, zungusha nyoka wa kwanza. Kwaruza tena, paka, weka wa pili. Ziba maungio kwa kidole, ndani na nje. Mtoto ahesabu nyoka. Hapo amefanya hesabu bila kujua.

Siku ya tatu: mwache atengeneze anachotaka. Ng'ombe, gari, nyumba, flamingo wa Ziwa Nakuru. Usimsahihishe sana. Muulize, "Huyu ni nani? Anaenda wapi?"

Kukausha: weka kazi kivulini kwa wiki moja hivi, ukiifunika kwa karatasi ya nailoni siku mbili za kwanza. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na chombo hupasuka. Kikipasuka, msimchape wala kumcheka mtoto. Udongo ambao haujachomwa huloweka tena. Kitumbukize ndooni, baada ya siku chache kitakuwa udongo mpya. Donge moja linaweza kufundisha watoto mwezi mzima.

KUCHOMA NI KAZI YA WATU WAZIMA

Chombo cha udongo hakiwi chungu mpaka kichomwe kwa moto mkali, zaidi ya digrii 600 hivi. Jiko la makaa la nyumbani halitoshi kwa kazi hiyo. Tena chombo chenye unyevu ndani, kikipata moto wa ghafla, hulipuka kwa mvuke na vigae vyake huruka. Nyumba zetu za mtaani zimebanana. Usichome chungu ndani ya nyumba, jikoni wala uani palipo na watoto. Mpelekee mfinyanzi mwenye uzoefu, au mwache mtoto ahifadhi kazi yake ikiwa mbichi.

Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala udongo. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Akikatwa na kigae au chupa, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha muuguzi aangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda.

KUZUIA MARADHI WAKATI WA KAZI

Mwaka 2020 tulipangusa kila kitu, hata pakiti za maziwa. Leo tunajua kwamba korona huenea zaidi kwa hewa, watu wanapokaa karibu mahali pasipo na madirisha wazi. Basi fanyeni kazi nje. Lakini kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo hupitia mikono michafu, na mpoksi huenezwa kwa kugusana ngozi na kwa vitu alivyogusa mgonjwa. Kwa hiyo, wakati wa mlipuko wowote, fuata haya.

Kila mtoto awe na donge lake, kwenye bati au kipande chake cha gunia. Donge lisipitishwe nyumba hadi nyumba.

Kucha zikatwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kazi. Kibuyu chirizi kinatosha: kopo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga.

Mtoto anayeharisha, mwenye homa au vipele asishike udongo wa wenzake. Donge lake litupwe shimoni na kufukiwa.

Usile wala kunyonyesha huku mikono ina udongo.

Na shosho je? Wazee ndio wenye ujuzi huu, na ndio walioumizwa zaidi na korona. Tusiwanyime wajukuu, lakini tusiwapelekee ugonjwa. Mlipuko wa ugonjwa wa hewa ukiwapo, shosho aketi nje, mita moja na nusu kutoka kwa watoto, wote wavae barakoa, naye awe na donge lake. Mtoto mwenye mafua abaki nyumbani. Shosho akiwa mbali, mpigie simu, weka sauti ya juu, mtoto asikilize na kufuata. Mzee anayeulizwa habari ya ujuzi wake hajihisi ametupwa.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

"Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu. Naye apewe udongo?" Hapana, mama. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni na anaweza kukabwa. Huyo mwoshe mikono, umpe tonge la ugali uliopoa alibonyeze. Hata akila, amekula chakula.

"Naweza kutumia unga wa ngano badala ya udongo?" Inawezekana: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, na maji kidogo kidogo. Lakini angalia mambo mawili. Chumvi hiyo ni nyingi mno, mtoto akila donge zima ataugua. Tena siku za shida, unga ni wa kula. Usihangaike kununua unga wa kuchezea wakati udongo hauna bei.

"Mtoto anakula udongo kabisa, nikimkataza analia." Usimchape. Mtoto au mama mjamzito anayetamani udongo au odowa mara nyingi amepungukiwa damu au madini ya chuma. Mlete kliniki apimwe damu. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja apewe dawa ya minyoo kila miezi sita. Shule zikifungwa, dawa ya minyoo ya shuleni nayo husimama. Usingoje, ulizia kituo cha afya au mhudumu wa afya ya jamii. Mama mjamzito atapewa vidonge vya kuongeza damu.

"Maji ya mtungi wa udongo ni salama?" Mtungi hupoza maji kwa sababu yanapenya kidogo na kukauka nje. Hauui vijidudu. Chemsha maji au tia dawa ya klorini kwanza, kisha uyahifadhi. Usichovye kikombe cha kila mtu. Magharibi mwa Kenya wanawake wafinyanzi walishirikiana na mashirika ya afya kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, ili mkono usiingie majini. Huo ndio mtungi wa kununua ukiupata.

"Basi mtungi utaondoa ile floridi inayotia meno rangi ya kahawia?" La. Sisi wa Bonde la Ufa tunaijua shida hii. Maji ya visima vingi hapa yana floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtungi wa kawaida hauiondoi. Kuchemsha pia hakuiondoi. Huizidisha, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Inahitaji chujio maalumu, kama lile la makaa ya mifupa lililotumiwa kwa miaka mingi hapa Nakuru, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri.

"Naweza kupika kwa chungu alichofinyanga mwanangu?" Chombo ambacho hakijachomwa kitayeyuka. Kilichopakwa rangi kisitiwe chakula. Vyombo vya kung'aa ambavyo hujui vilipakwa nini navyo usiwekee maziwa lala, maji ya ndimu wala uji wa kuchachusha, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina ledi, na uchachu huitoa ikaingia kwenye chakula.

NENO LA MWISHO KWA MLEZI

Kuna methali isemayo, mfinyanzi hulia gaeni. Mtengeneza vyungu mwenyewe hula kwenye kigae. Ndivyo walivyo akina mama wengi wakati wa maradhi. Wanamshughulikia kila mtu, wao wenyewe wanabaki na kipande. Mama, ukikosa usingizi wiki mbili, ukilia bila sababu, ukijisikia kumwumiza mtoto au kujiumiza, usikae kimya. Mwambie mtu unayemwamini, njoo kituo cha afya. Huo ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu.

Vilevile mtazame mtoto wako. Aliyeacha kula, anayeogopa mtu fulani, au msichana aliyebadilika ghafla, mketishe kando na donge lake la udongo, umsikilize. Ukisikia jambo la kutisha, usilifunike. Piga simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

KUMBUKA:

1. Udongo utoke mahali safi. Mtu mzima ndiye achimbe, naye afukie shimo.
2. Fanyeni kazi nje, udongo ukiwa na unyevu, bila vumbi.
3. Kila mtoto na donge lake.
4. Mikono na sabuni, kabla na baada.
5. Moto ni wa watu wazima.
6. Dawa ya minyoo kila miezi sita, shule zifunguliwe zisifunguliwe.
7. Fundisha kwa upole. Kilichovunjika hurudi ndooni.

Mweleze jirani ambaye hakusikia. Mungu akulindie watoto.